Nidhamu ya Nani? Amri, Kanuni na Ukweli Katika Maandishi ya Kambi za Kizuizini

Utangulizi

Neno "nidhamu" ni miongoni mwa maneno ambayo jamii yetu huyatumia bila kuyauliza chochote. Mzazi hulitumia, mwalimu mkuu hulitumia mbele ya wanafunzi waliopanga mistari asubuhi, afisa wa jeshi hulitumia, na kiongozi wa dini hulitumia. Kila anayelitamka hudhani kwamba msikilizaji ameshakubali kuwa nidhamu ni jambo jema, na kwamba kilichobaki ni kutafuta njia ya kuwatia watu nidhamu hiyo. Makala haya yanakusudia kulihoji neno hilo mahali ambapo lilitumiwa kwa ukali mkubwa katika historia ya nchi hii, yaani katika kambi za kizuizini za wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia mwaka 1952 hadi 1960.

Swali linalotushughulisha ni hili: je, nidhamu inayolazimishwa kwa rungu na nidhamu ambayo waliofungwa hujiwekea wenyewe ni kitu kimoja chenye pande mbili, au ni vitu viwili vinavyoshiriki jina tu? Na ikiwa ni vitu viwili, tutavitenganisha kwa kigezo gani?

Swali hili halimhusu mwanahistoria peke yake. Mhakiki anayesoma kitabu cha J. M. Kariuki, Mau Mau Detainee, kilichotoka mwaka 1963, au shajara ya Gakaara wa Wanjau iliyochapishwa kwa Kigikuyu mwaka 1983 na kutunukiwa Tuzo ya Noma mwaka uliofuata, hukutana nalo mara kwa mara. Masimulizi ya kizuizini yamejaa mistari, hesabu, usafi, ratiba, zamu na adhabu. Mara mistari hiyo ni ya askari, mara ni ya mahabusu wenyewe. Ukiyatazama matendo peke yake, ni yale yale: mtu anaamka mapema, anafagia, ananawa, anakaa mahali pake, ananyamaza. Hata hivyo msomaji huhisi kwamba kati ya kufagia huku na kufagia kule pana umbali mkubwa. Wajibu wa mhakiki ni kuupima umbali huo wala si kuuhisi tu.

Umbo la kambi

Yafaa kwanza tueleze kambi hizi zilikuwa nini. Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na wengi waliokamatwa hawakufikishwa mbele ya hakimu yeyote. Walizuiliwa kwa amri tu. Takwimu rasmi za serikali ya kikoloni zilitaja watu wapatao 80,000. Wanahistoria wengine, akiwemo Caroline Elkins katika kitabu chake cha mwaka 2005, wamedai kwamba idadi ilikuwa kubwa kuliko hiyo maradufu na zaidi. Baada ya jeshi la Uingereza kuuzingira mji wa Nairobi tarehe 24 Aprili 1954 katika operesheni iliyoitwa Anvil, maelfu walipelekwa Lang'ata kuchujwa, kisha wakasafirishwa hadi Manyani na Mackinnon Road. Wengine walipelekwa Manda katika visiwa vya Lamu, Mageta na Saiyusi katika Ziwa Viktoria, Lodwar kaskazini, na Hola kando ya Mto Tana. Wanawake walizuiliwa hasa Kamiti.

Ni kweli kwamba nyingi za kambi hizi zilikuwa chini ya Idara ya Magereza na watawala wa wilaya, si chini ya majemadari. Lakini umbo lake lilikuwa la kijeshi kutoka langoni hadi chooni. Palikuwa na seng'enge, minara ya walinzi, hesabu ya watu waliochuchumaa kwa safu, upekuzi wa ghafla, na kazi za aibu kama vile kubeba ndoo za choo. Lugha iliyounganisha askari wa makabila mbalimbali na mahabusu ilikuwa mara nyingi Kiswahili, kile Kiswahili kifupi cha jeshi na magereza ambacho karibu kila kitenzi chake kimo katika hali ya amri: simama, chuchumaa, nyamaza, beba. Sisi tunaokifundisha Kiswahili na kukitetea tusiipitie hali hii haraka. Lugha yetu ilikuwepo kambini, nayo ilikuwa upande wa rungu.

Kambi hizo ziliunganishwa katika utaratibu ulioitwa "bomba". Mahabusu aliwekwa katika daraja la weupe, la kijivu au la weusi kulingana na jinsi wakubwa walivyomdhania. Aliyeungama kiapo na kukubali kazi alisukumwa mbele kuelekea kwao. Aliyekataa alirudishwa nyuma kwenye kambi kali zaidi. Hivyo nidhamu ya kambi haikulenga mwili peke yake. Kazi, chakula, kipigo na barua kutoka nyumbani vyote vilielekezwa kwenye jambo moja, nalo ni kupata maneno fulani kutoka kinywani mwa mtu. Maneno hayo yakishatoka, swali la kama ni ya kweli halikuwa na uzito mkubwa. Mtu aliweza kuungama asilolifanya akapata nafuu, na aliyesema kweli kwamba hana la kuungama akaongezewa adhabu. Wahenga walisema kwamba mkono usioweza kuukata, ubusu. Kambi iliyafanya mashauri hayo ya wanyonge kuwa mtaala.

Nguvu ya kulazimisha na nguvu ya kuadhibu

Hapa ndipo falsafa ya kambi inapojidhihirisha, na cha ajabu ni kwamba waliiandika wenyewe. Mwaka 1957, katika kambi za Mwea, ilitumika mbinu ya kuwapokea mahabusu wagumu kwa makundi madogo, kuwaamrisha wanyolewe na wavae nguo za kambi, na kuwakabili kwa nguvu mara moja wale waliokataa. Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alishuhudia mapokezi hayo na kumwandikia Gavana Evelyn Baring waraka mwezi Juni mwaka huo. Katika mawazo ya kisheria ya wakati huo ilitenganishwa nguvu ya kulazimisha na nguvu ya kuadhibu. Ya kwanza, ikitumiwa ili mtu atii amri halali, ilihesabiwa kuwa inaruhusiwa. Ya pili ilihitaji mashtaka na kanuni zake.

Tuutazame utengano huu kama tunavyoutazama utengano wowote wa kimaana. Mtu anaamriwa avae nguo za kambi. Anakataa. Anapigwa hadi avae. Kwa mujibu wa utengano ule, hakuadhibiwa, alilazimishwa. Na kwa kuwa hakuadhibiwa, hakuna haja ya kumshtaki. Na kwa kuwa hakuna mashtaka, hakuna mahali popote ambapo ataulizwa kwa nini alikataa. Huenda alikuwa na sababu nzuri. Huenda angesema kwamba yeye hakuhukumiwa na mahakama yoyote, hivyo kuvaa sare ya mfungwa ni kukiri hatia isiyothibitishwa. Sababu hiyo haikuwa na mlango wa kuingilia. Adhabu, kwa ukali wake wote, humkubali anayeadhibiwa kuwa mtu aliyetenda jambo na anayeweza kujitetea. Nguvu ya kulazimisha humfanya kama gari lililokwama, linalosukumwa hadi liende.

Miaka miwili baadaye mantiki hiyo ilifika mwisho wake Hola. Palikuwa na kundi la mahabusu waliokataa kazi kwa hoja kwamba wao ni wafungwa wa kisiasa, na kwamba kufanya kazi ya kulazimishwa ni kukubali kuwa wahalifu. Mpango uliohusishwa na jina la John Cowan, afisa wa magereza, uliagiza kwamba wapelekwe shambani kwa makundi na walazimishwe kufanya kazi. Tarehe 3 Machi 1959 walipelekwa, wakapigwa, na watu 11 wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilivihusisha vifo hivyo na maji ambayo mahabusu walikuwa wamekunywa kutoka kwenye gari la maji. Uchunguzi ulibainisha kwamba waliuawa kwa kipigo. Jambo hilo lilijadiliwa katika bunge la Uingereza usiku wa tarehe 27 Julai 1959, ambapo Enoch Powell, mbunge wa chama kilichotawala, aliishambulia serikali ya chama chake mwenyewe.

Tunalitaja gari la maji kwa makusudi. Mfumo ulioanza kwa kudai kwamba unawafundisha watu nidhamu uliishia kwa kushindwa kutaja jambo moja lililotokea mchana mbele ya macho ya watu. Si ajali kwamba yote mawili yalikwenda pamoja. Palipozibwa swali la mahabusu pamezibwa pia jibu la mkubwa, na mahali pasipo na swali wala jibu uongo hauhitaji hata ustadi.

Kanuni za waliofungwa

Tugeukie upande wa pili. J. M. Kariuki alipitishwa katika kambi 14 kati ya mwaka 1953 na 1960. Katika masimulizi yake tunaona jinsi mahabusu walivyojitengenezea utaratibu wao ndani ya ule wa serikali. Walichagua viongozi wao, wakakubaliana juu ya usafi na ugawaji wa kazi, wakakomesha ugomvi, wakawafundisha wasiojua kusoma. Aliyesoma alikuwa na wajibu kwa asiyesoma. Kariuki mwenyewe alifundisha, akaandika barua za malalamiko kwa wakubwa wa Nairobi na London, akazitorosha nje, na akateswa kwa ajili ya barua hizo.

Miongoni mwa mambo anayoyataja, moja linastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Huko Manyani habari zilipita kwa mdomo kutoka ua hadi ua. Mahabusu walizigawa katika makundi mawili: zile zilizothibitishwa walizipa jina la Manyani Times, na uvumi uliopeperuka kando ya seng'enge waliuita Waya Times. Mzaha huu una uzito. Mtu aliyefungwa ana kila sababu ya kuamini habari njema: kwamba wataachiliwa mwezi ujao, kwamba mkubwa fulani amefukuzwa, kwamba London imebadili nia. Kujizuia usiliamini unalolitamani mpaka lithibitike ni kazi ngumu, na hakuna askari anayeweza kukulazimisha kuifanya. Watu walionyimwa magazeti walijiwekea kanuni ambayo wenye magazeti wengi huivunja. Tukiweka Manyani Times upande mmoja na gari la maji la Hola upande wa pili, tunaona kwamba uthabiti wa kusema kweli ulikuwa ndani ya seng'enge kuliko nje yake.

Je, usafi nao? Mhakiki anaweza kusema kwamba mahabusu aliyefagia chumba chake vizuri amemsaidia mkuu wa kambi, kwa kuwa kambi safi ndiyo aliyoitaka. Ulinganishi mmoja kutoka nje utatufaa hapa. Primo Levi, katika kitabu chake kuhusu Auschwitz kilichotoka mwaka 1947, anamkumbuka Steinlauf, aliyekuwa sajini katika jeshi la Austria na Hungaria. Steinlauf alinawa kila siku bila sabuni, katika maji machafu, na akamkemea Levi kwa kuacha kunawa. Hoja yake ilikuwa kwamba kambi ni mtambo wa kuwageuza watu wanyama, basi wasikubali kugeuzwa. Wanawe kwa ajili ya heshima yao, si kwa sababu kanuni za kambi zinadai. Kitendo ni kile kile ambacho mlinzi angekiamrisha, lakini kimepewa sababu mpya na mtendaji mwenyewe. Pamoja na hayo, Levi haipokei kanuni hiyo nzima nzima. Anaiheshimu, na wakati huo huo anasitasita kuimeza falsafa iliyotungwa na mtu mwingine. Tunaona kwamba Steinlauf anamwachia Levi nafasi ya kusitasita. Hamshiki kichwa akakizamisha majini.

Hapa kigezo tulichokuwa tukikitafuta kinaanza kuonekana. Tofauti haipo katika tendo, wala haipo katika ugumu wa tendo. Ipo katika hali ya swali. Amri hulichukulia swali "kwa nini?" kuwa uasi, na hulijibu kwa rungu. Kanuni huwa tayari kwa swali hilo: ina sababu, na anayeitii anaijua au anaweza kuiuliza. Kwa maana hiyo tunapendekeza kwamba jina "nidhamu" libaki kwa hali ya pili tu. Hali ya kwanza tuiite kwa jina lake, nalo ni utii wa hofu.

Doa la kanuni

Ingekuwa rahisi kuishia hapa, na wengi wa wahakiki wetu wameishia hapa. Wakishaonyesha kwamba waliofungwa walikuwa na utaratibu wao, wameona kazi imekwisha: mkoloni alikuwa na ukatili, mahabusu walikuwa na nidhamu. Lakini kigezo tulichokitoa hakituruhusu upendeleo. Kikiwa ni kigezo cha kweli, lazima kimpime mnyonge kama kinavyompima mwenye nguvu.

Utaratibu wa mahabusu haukuwa na upole siku zote. Umoja wao ulijengwa juu ya kunyamaza: usitaje kiapo, usimtaje mwenzako. Aliyedhaniwa kuwa ameungama, au kwamba anapeleka maneno kwa wakubwa, alitengwa. Wengine walipigwa, na wapo waliouawa. Tujiulize basi kuhusu mtu mmoja asiye na jina. Ana miaka mitatu kambini. Amepata habari kwamba mkewe na watoto wamehamishiwa katika kijiji cha kulazimishwa na wana njaa. Anataka kuungama aende nyumbani. Anawauliza wenzake: kwa nini nisiungame? Ikiwa jibu ni kutazamana kimya, na usiku unaofuata ni kamba shingoni, basi swali lake limezibwa kama vile lilivyozibwa la yule aliyekataa sare. Katika saa hiyo, ndani ya chumba kile, kanuni imegeuka amri.

Kuna atakayepinga kwamba hatuwezi kuyalinganisha mambo haya. Mahabusu hawakuijenga kambi. Hawakumleta mtu huyo pale. Na msaliti aliweza kusababisha vifo vya wengi. Pingamizi hili ni la haki, nasi tunalikubali kwa sehemu kubwa. Lawama ya kambi ni ya aliyeijenga. Aliyewapanga watu katika bomba ambamo ukombozi wa mmoja unanunuliwa kwa jina la mwingine ndiye aliyepanda mbegu ya mauaji hayo, na deni lake ni kubwa kuliko la yeyote aliyekuwa ndani. Lakini kusema kwamba lawama kubwa ni ya fulani si kusema kwamba aliyenyongwa hakunyongwa. Uonevu haumtakasi anayeonewa. Humpa madai juu ya anayemwonea, haumpi kibali juu ya jirani yake.

Tunalisisitiza jambo hili kwa sababu ya yaliyofuata. Sheria iliyoruhusu watu kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa haikuzikwa pamoja na bendera ya mkoloni. Ilifufuliwa katika Kenya huru mwaka 1966, na Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa kizuizini chini yake kuanzia mwisho wa mwaka 1977. J. M. Kariuki, aliyetoka hai katika kambi 14 za mkoloni, aliuawa mwezi Machi 1975 katika nchi aliyoipigania. Jamii iliyojifunza kuusifu umoja bila kuuliza jinsi umoja huo ulivyowatendea waliouliza maswali ilikuwa imejiandaa vibaya kwa siku hizo. Ilikuwa imeshazoea kuwaita wenye maswali wasaliti.

Nidhamu na kunadhimu

Mpaka hapa tumezungumza kama wanafalsafa wa maadili. Je, fani ya ushairi ina lipi la kutuambia?

Neno "nidhamu" tulilipokea kutoka Kiarabu, na katika lugha hiyo lina ndugu. Shina lililotupa "nidhamu" ndilo lililotupa "nadhimu", yaani kutunga mashairi. Maana ya asili ya shina hilo ni kupanga, kama vile kutunga shanga katika uzi. Wazee wa ushairi walipotumia neno hilo hawakuona ajabu kwamba utaratibu na utungo ni jamaa moja. Shanga zilizotungwa hazikusukumwa. Kila moja imepata mahali pake kwa sababu ya nyingine.

Tukumbuke kisa cha Abdilatif Abdalla. Yeye hakuwa katika kambi ya Hali ya Hatari. Alihukumiwa na mahakama ya Kenya huru kifungo cha miaka mitatu kwa ajili ya waraka aliouandika, "Kenya: Twendapi?", akafungwa mwaka 1969 na kutoka mwaka 1972. Akiwa gerezani alitunga, kwa siri, kwenye karatasi za msalani, mashairi yaliyotoka mwaka 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki. Katika miaka ya sabini wahakiki na watunzi walikuwa wakigombana kuhusu arudhi. Wapo waliosema kwamba mizani na vina ni minyororo, na kwamba mshairi huru ni yule aliyeikata; Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi mwaka 1974 kwa mtindo usiofuata kanuni hizo. Hatukusudii kuufufua ugomvi huo. Tunauliza tu: kwa nini mtu aliyefungiwa peke yake, ambaye kila saa ya siku yake imepangwa na mwingine, ajitie katika mizani na vina, ambavyo hakuna askari aliyemdai?

Jibu la kwanza linalokuja ni kwamba alikuwa mtoto wa Mombasa, aliyelelewa katika ushairi huo. Ni kweli, lakini halitoshi. Tunadhani arudhi ilimfaa kwa sababu ni kanuni, si amri. Ina ukali, lakini ndani ya ukali wake mna milango. Inkisari humruhusu mtunzi kulifupisha neno, mazida kulirefusha, tabdila kulibadili umbo. Kanuni yenyewe imeweka mahali pa kuikunja, kwa masharti yanayojulikana. Tena, utamaduni huo umejengwa juu ya majibizano: shairi hutungwa likijua kwamba litajibiwa, na anayejibu hufuata bahari ile ile ili kumpinga aliyetangulia. Hapa kuifuata kanuni ndiko kunakompa mtu uwezo wa kukataa. Kambini ilikuwa kinyume: kufuata kulimaanisha kwamba umekwisha kukubali.

Na lugha ni ile ile. Kiswahili kilichotumika kuwaambia watu wachuchumae ndicho kilichotumika kutunga diwani ile. Lugha haina hatia wala utakatifu wa kuzaliwa nao. Ina hali ya amri, na pia ina hali ya dhamira, ya sharti, na ya swali. Aliyeifunga kambini aliibakishia hali moja. Mshairi alizirudisha nyingine.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba maandishi ya kizuizini yasisomwe kama kumbukumbu za ujasiri peke yake. Ujasiri upo, na wenye kuusifu hawajakosea. Lakini maandishi hayo yanabeba swali ambalo bado liko mezani kwetu: mtu anapofuata utaratibu, ni utaratibu wa nani, na akiuuliza sababu, nini kitampata? Tulisema kwamba nidhamu ya kweli hujulikana kwa jinsi inavyolipokea swali hilo, na kwamba kigezo hiki kinamhusu mkoloni, kinawahusu waliopambana naye, na kinazihusu serikali zilizofuata.

Mwezi Juni 2013, baada ya kesi iliyofunguliwa London mwaka 2009 na wazee waliopitia kambi hizo, serikali ya Uingereza ilieleza majuto yake na kukubali kuwalipa watu 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Kesi hiyo ilisaidiwa na majalada ya kikoloni yaliyokuwa yamefichwa Hanslope Park na kukiriwa mwaka 2011. Zaidi ya nusu karne ilipita kabla ya swali la mahabusu kupewa mahali pa kusikizwa. Wengi walioliuliza walikuwa wamekufa.

Nasi wa vyuo vikuu tusijione tuko mbali. Tunawafundisha wanafunzi wetu kanuni: za uandishi, za uhakiki, za arudhi, za heshima kwa waliotutangulia katika taaluma. Mwanafunzi anaposimama darasani akauliza kwa nini kanuni fulani ifuatwe, huwa tumewekwa mizanini bila kutangaziwa. Tukimjibu, hata jibu likiwa dhaifu, tumemfunza nidhamu. Tukimnyamazisha, atanyamaza na ataandika tunavyotaka, na insha yake itakuwa safi. Hatutajua kama anaamini hata sentensi moja aliyoiandika, kama vile wakuu wa kambi wasivyojua ni ungamo lipi lilikuwa la kweli.